Dalia Tano za Fundi Jicho

Mtaani kwetu shangazi yangu haitwi kwa jina lake. Anaitwa Fundi Jicho, na akilitamka mwenyewe utadhani ni cheo alichopewa na serikali. Alilipata zamani, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kushona. Mteja mmoja alisimama ng'ambo ya barabara na kipande cha kitambaa mkononi, akisita kuingia, na shangazi akampazia sauti kutoka kwenye cherehani: "Njoo, uzi wa hiyo ninao. Ila bitana yake usihangaike, hakuna duka lenye nayo." Mteja akaingia, uzi ukakubali, na bitana aliitafuta mwezi mzima asiipate. Tangu hapo watu wakawa wanamletea rangi kama wanavyopeleka watoto zahanati. Katika rangi zote, ubingwa wake ni pinki. Anasema nyeusi ni nyeusi na nyekundu inajitangaza yenyewe, lakini pinki ina ndugu wengi wanaofanana sura, na fundi asiyeweza kuwatofautisha arudi akafunzwe.

Mimi ni binti wa kaka yake. Nina miaka thelathini na minne, mume mmoja, watoto wawili, na dukani kwake ninatoboa matundu ya vifungo na kukunja mapindo. Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa maneno machache mazuri na mengine mengi ambayo sitayarudia hapa.

Mwaka jana nilianza kuona mambo hayaendi sawa. Kwa kawaida shangazi akitafuta uzi hutoka nao mlangoni, anaulaza juu ya kitambaa, anatupa jicho moja, anarudi. Sasa akawa anakaa pale mlangoni mpaka wapita njia wanamsalimia mara mbili. Kisha akaacha kutoka kabisa. Akawa ananiambia tu, "Niletee ule wa pinki unaofaa," kana kwamba ananipa heshima. Nami nikawa nauleta. Nyuzi za pinki nikazipanga upya kwenye kopo lake, kuanzia nyepesi mpaka iliyokolea, na yeye akawa anahesabu kwa kidole kutoka kushoto. Hakuna aliyemwambia mwenzake chochote. Yeye alijitia haoni kwamba ninaona, na mimi nikajitia hamnazo.

Tungeendelea hivyo hadi leo kama siku moja nisingeitwa shuleni kwa mwanangu. Nilipokuwa kule nikielezwa jinsi alivyomfungia mwalimu chooni, shangazi alibaki peke yake dukani na gauni la kumaliziwa pindo. Na gauni lenyewe, kwa bahati mbaya kupita zote, lilikuwa la Sista.

Sista ni shangazi yangu mdogo, muuguzi mstaafu, na wanaishi pamoja katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao. Mtaa mzima unamwita Sista, kama wagonjwa walivyomwita. Amestaafu kazi, hajastaafu kutoa amri. Gauni lile alilivaa kwenye mkutano wa wastaafu wenzake, na jioni aliporudi alilitandaza juu ya meza ya chakula, akaligeuza pindo.

"Dada, huu uzi ni wa rangi gani?"

"Pinki," alisema shangazi, akiendelea kunywa chai.

"Pinki gani?"

"Pinki ya gauni lako. Kama hulitaki, lirudishe."

"Huu ni uzi wa rangi ya biskuti, Dada. Nimezunguka nao ukumbi mzima. Mtu ameniuliza kama ni mtindo mpya."

"Ungemjibu ndiyo," alisema shangazi kwa macho makavu. "Watu wangeiga."

Nilikuwa nimesimama hapo na birika mkononi, nikiomba watu wasinione. Sista alivuta kiti akaketi karibu na dada yake, na sauti yake ikashuka. "Una mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, siwezi kukosea. Wanalisafisha asubuhi, jioni unarudi nyumbani. Kwa nini hutaki?"

"Jicho si pindo," alisema shangazi. "Pindo fundi akilikosea, analifumua. Jicho wakilikosea, wanakuambia pole."

Hapo ndipo nilipojua anaogopa. Mimi nilikuwa nadhani ni ukaidi tu, na kumbe miezi yote ile mwanamke huyu alikuwa na hofu tumboni na hana wa kumwambia. Nilimhurumia sana. Lakini shangazi akiogopa huwa mkali, na akiwa mkali hahurumiki, kwa hiyo nilimimina chai.

Sista naye si mtu wa kubembeleza. Chini ya dirisha la sebuleni alikuwa amelima tuta dogo, la kutosha mashina matano ya maua, na kwa wiki mbili alikuwa akituimbia habari za dalia. Sasa akazileta dalia zake kwenye kesi.

"Nataka dalia tano za pinki," alisema. "Aina tano tofauti, kuanzia nyepesi kabisa mpaka iliyokolea kabisa. Jumamosi tunakwenda kwa mwenye kitalu cha maua. Utazichagua na kuzipanga wewe, bila kumuuliza mtu. Ukizipanga sawasawa, jicho lako sitalitaja tena mpaka nizikwe. Ukikosea, Jumatatu mkasi unamwachia huyu, na haurudi mikononi mwako mpaka macho yametibiwa."

Huyu alikuwa mimi. Nilitazama chini.

Mkasi ule shangazi hamgusishi mtu. Mume wangu aliwahi kuuazima kukatia waya, na mpaka leo anapita dukani kwa upande wa pili wa barabara. Kumnyang'anya mkasi ni kumtoa dukani, na kumtoa dukani ni kumkalisha kwenye kochi asubiri kuitwa chakula. Sisi watatu tulilijua hilo.

"Jumamosi saa ngapi?" aliuliza shangazi.

"Saa tatu."

"Vizuri. Saa tatu kuna mwanga mzuri," alisema, akachukua mkate.

Kesho yake dukani alirudisha mlango nusu, akaniamuru niketi. "Sikiliza, na ukimwambia mtu nitakukana mchana kweupe. Pinki zote sasa naziona kama chai iliyozidi maziwa. Nyepesi, nzito, zote chai. Kwa hiyo hapa kuna wewe na kuna akili."

Nilitaka kulia, ila mapajani nilikuwa na hariri ya mteja. Nikamuuliza ananitaka nifanye nini.

"Nenda kwa huyo mwenye kitalu. Tazama pinki zake. Nataka kujua kila moja imeshonwaje."

Mwenye kitalu alikuwa bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye matope mpaka kwenye nyusi. Dalia zake zilikuwa kwenye ndoo kuukuu na mifuko myeusi, zimechanua, na kila aina ameipa jina mwenyewe kwa sababu, alisema, majina ya kwenye paketi yanaumiza ulimi. Pinki zilikuwa tano. Nyepesi kabisa aliiita Bibi Harusi: ua pana kama sahani, petali laini zilizolegea. Iliyofuata ni Wifi, petali nyembamba zilizochongoka pande zote. "Ukimgusa vibaya anakuchoma," alinieleza, na hakuwa anatabasamu. Kisha kulikuwa na Karani, ua dogo la mviringo, petali zimebanana safu kwa safu, hakuna hata moja iliyotoka nje ya mstari. Kisha Jirani, petali nane tu na moyo wa njano uko wazi, kila kitu chake unakiona kutoka barabarani. Na mwisho Mke Mwenza, kubwa, iliyokolea, yenye marinda, ambayo kwa maelezo yake ndiyo iliyokuwa ikimaliza maji yote.

Bibi Harusi na Mke Mwenza hazikunisumbua. Wifi ya pili, sawa. Kati ya Karani na Jirani nilisimama mpaka jua likanichoma utosi. Nilirudi nyuma, nikasogea mbele, nikafumba jicho moja. Mwishowe niliona Karani imekolea zaidi, nikaandika hivyo nyuma ya karatasi ya vipimo: Bibi Harusi, Wifi, Jirani, Karani, Mke Mwenza. Nikaondoka nikijiona na mimi fundi.

Siku tatu zilizofuata tulikula njama mchana kutwa. Nilikata vipande vya kitambaa nikatengeneza maua matano, kila moja kwa umbo lake, na shangazi akayaweka mapajani chini ya meza. Mteja anapimwa kiuno, shangazi anaongea naye kuhusu mikono mirefu au mifupi, na huko chini vidole vyake vinapita: lililolegea, lenye ncha, lenye petali nane, lililobanana, lenye marinda. Mara moja lilianguka lile lenye ncha, mteja akaliokota na kusifu. Akauliza kama tunaweza kumwekea begani. Tulimwekea, na nikalazimika kumshonea shangazi Wifi mwingine.

Jumamosi tulifika kitaluni saa tatu kamili. Sista alikuwa amevaa viatu vyake vya wodini, kama anakwenda kupasua mtu. Mwenye kitalu alikuwa amepanga ndoo kwenye meza ndefu, zimechanganywa, na niliposogea niliona zipo sita. Kumbe Sista alikuwa amepita siku za kabla, akaongeza mtego: dalia nyingine ya ncha, umbo la Wifi mtupu, ila rangi yake ya papai lililoiva.

"Huyu asiseme neno," alisema Sista akininyooshea kidole.

Shangazi alianza. Alitembea kando ya meza polepole, mikono nyuma, akainamia ndoo moja, akaigusa kwa ncha za vidole kama anavyogusa kitambaa cha bei. Bibi Harusi aliipata mara moja, akaisukuma kushoto. Mwenye kitalu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye ua la ncha. Vidole vyake vikasimama. Vikaenda kwenye ndoo ya pili yenye ncha, vikarudi kwenye ya kwanza.

Aliinua kichwa. "Wewe," aliniambia kwa ile sauti ya dukani, "umesimama kama mlingoti. Niletee hiyo kwenye mwanga, niitazame vizuri."

Hakusema ipi. Sista alikuwa amenikataza kusema, hakunikataza kubeba. Nikainyanyua Wifi halisi, nikaipeleka mwangani, na shangazi akaitazama kwa dharau ya kitaalamu na kusema, "Hii ndiyo ya pili. Ile nyingine iondoeni, sikuja kununua papai." Hilo la papai nilidhani amelibahatisha, maana mimi sikumwambia. Baadaye aliniambia alisikia mwenye kitalu akitaja papai kwa mteja mwingine wakati tunaingia. Sista hakushtuka hata kidogo, kwa sababu amri ya kuletewa kitu kwenye mwanga ameisikia maisha yake yote.

Zilizobaki alizipanga haraka, karibu kwa majivuno. Jirani, Karani, Mke Mwenza. Sista alipita mara mbili kutoka kushoto kwenda kulia, uso umemshuka.

"Sawa," alisema. "Umenikomesha. Sitalitaja tena."

Akatimiza ahadi. Dalia zilipandwa siku ileile kwa mpangilio uleule, na Sista akafunga mdomo. Uzi ukawa wa rangi yoyote, hasemi. Shangazi akimwaga chai pembeni ya kikombe, Sista anaifuta na kuzungumzia hali ya hewa. Mimi nilitarajia shangazi angetamba mwezi mzima. Alitamba siku nne.

Siku ya tano nilimkuta asubuhi amesimama dirishani. Nje watu wawili walikuwa wamesimama wakizisifu dalia, na yeye akawapungia mkono. Walipoondoka aliniuliza, bila kugeuka, "Zikoje?"

"Nzuri sana, Shangazi."

"Nakuuliza kama fundi, usinijibu kama mgeni."

Nikajaribu. Nikasema Bibi Harusi ni kama pinki ya ndani ya kiganja cha mtoto, na Wifi imezidi hapo kidogo, na nilipofika ya tatu maneno yakaniishia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maua ni yangu," alisema. "Nimeyashinda mwenyewe, kwa ujanja wangu. Na kila anayepita anayaona isipokuwa mimi." Akanigeukia. "Sista anasafiri lini?"

Sista alikuwa anakwenda kwa binti yake aliyejifungua, akae wiki mbili. Shangazi alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamtakia safari njema kwa upendo uliokuwa wa kutia shaka, na kesho yake saa moja asubuhi mimi na yeye tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Mkono wangu aliubana mpaka pete ikaniingia kwenye mfupa. Mwenye kulijua hilo ni mimi tu, maana mbele ya daktari alikuwa simba.

"Unatumia uzi namba ngapi?" alimuuliza.

"Kwa kawaida hatutumii uzi, mama. Kitundu ni kidogo, kinajifunga chenyewe."

"Bila uzi," shangazi aliniambia mimi, kama vile daktari hayupo. "Na wanalipwa."

Walianza na jicho la kulia. Kesho yake tukarudi, wakatoa bandeji, na daktari akanyoosha vidole akitaka avihesabu. Shangazi hakuhesabu. Alimtazama juu mpaka chini. "Koti lako," alisema, "limefuliwa pamoja na kitu cha bluu." Daktari akajitazama, nesi akageukia ukutani kucheka, na shangazi akaanza kulia, machozi kwenye macho yote mawili, jipya na la zamani, mpaka wakamwomba aache kwa ajili ya dawa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akitazama vibao vya maduka, nguo kwenye kamba, shati la mtu. Tulipofika getini hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta, akavua miwani meusi aliyopewa, akafumba jicho baya. Nilisubiri alie tena. Nilikuwa nimeshika kitambaa tayari.

"Nani amepanga hizi?" aliuliza.

"Wewe, Shangazi."

Alichuma petali moja ya Karani na moja ya Jirani, akazilaza juu ya kucha ya kidole gumba, akaninyooshea. "Tazama. Karani ndiyo nyepesi. Petali zimebanana, zinatiana kivuli, nawe ukasoma kivuli ukadhani rangi. Uzi tunautazama ukiwa unyuzi mmoja, hatuutazami ukiwa umeviringwa. Nimekufundisha miaka kumi na miwili." Nilitazama. Kwa kweli, nikikodoa sana, kulikuwa na kitu.

Hapohapo geti likalia. Alikuwa Sista, na begi lake. Mkwe wake, alisema, alikuwa hajui kupokea maelekezo, kwa hiyo amerudi. Maelekezo hayo tumeyasikia sisi, tunamwelewa mkwe. Kisha akaona miwani mkononi mwa dada yake, akaona alama ya plasta, akaangusha begi.

"Umekwenda," alisema.

"Kwa hiari yangu," alisema shangazi. "Nilishinda, usisahau. Hakuna aliyenilazimisha."

Sista alimkumbatia. Sikumbuki kuwaona wakikumbatiana kabla ya hapo. Alipomwachia alijifuta macho, akaligeukia tuta. "Dada, mimi leo nakubali. Hukuwa na jicho hata moja zima, na bado hukukosea hata ua moja. Jicho lako si la kawaida. Nilikuonea."

Nawaambia ukweli, maneno hayo shangazi alikuwa ameyasubiri kutoka kwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka hamsini. Yalikuwa yamefika, yamekamilika, hayana kasoro. Kilichobaki ni kuyapokea na kuingia ndani kunywa chai. Nilimtazama kwa macho ya kumsihi. Yeye alitazama Jirani, akatazama Karani, midomo imebanwa. Nikaona anajaribu. Nikaona kabisa.

"Zimekosewa," alisema.

"Nini?"

"Ya tatu na ya nne. Zimekaa kinyume. Sikuzipanga kwa jicho, nilizipanga kwa vidole, na huyu ndiye aliyenipa mpangilio, naye alikosea."

Sista aliinama juu ya tuta. Akasogea karibu, akarudi nyuma. "Mimi naziona sawa tu."

"Ndiyo maana wewe ulipewa sindano za kuchoma watu."

"Dada, ungenyamaza, ningekufa sijui."

"Wewe ndiyo, usingejua," alisema shangazi. Akavaa miwani yake. "Nimeshindwa. Leteni jembe."

Alitaka kuchimba mwenyewe. Sista akapaza sauti kwamba mtu aliyetoka kutibiwa jicho haruhusiwi kuinama, na kwa mara ya kwanza shangazi akamtii, akaketi kwenye kiti akituambia jinsi sisi wawili tulivyokuwa tukichimba vibaya. Jumatatu nilipofika dukani nilikuta mkasi juu ya meza yangu. Jicho la kushoto lilikuwa bado, na mapatano ni mapatano. Niliushika kwa mikono miwili. Siku hiyo nilikata kola tatu tu, huku nyuma yangu mtu akipumua kwa nguvu kila nilipofungua makali.

Jirani haikupenda kuhamishwa ikiwa imechanua. Ilinyauka wiki nzima, imeinamisha kichwa kwenye udongo, na kila aliyepita alisimama getini kuuliza imepatwa na nini. Shangazi angeweza kusema ni jua, au ni wadudu. Kila mara aliinuka kwenye kiti, akaenda mpaka getini, na kueleza kwamba alizipanga vibaya, ya tatu na ya nne, lakini sasa ziko sawa, hebu watazame. Watu kumi na mmoja wametazama mpaka leo. Wote wamesema ndiyo, sasa ziko sawa kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeona tofauti.